"Usinihukumu": Yesu alikataza nini hasa?

Huku kwetu Mwanza kuna kauli mbili zisizokauka midomoni mwa Wakristo, kuanzia ibada za nyumbani za Nyakato na Buhongwa hadi magrupu ya WhatsApp ya kwaya. Ya kwanza ni "Usihukumu, usije ukahukumiwa." Hutolewa upesi mtu anapoulizwa jambo: mweka hazina akiombwa risiti, mchungaji akiulizwa fedha za kiwanja zilikwenda wapi, mume akiambiwa kwamba kipigo anachompa mkewe kinasikika hadi nyumba ya tatu. Ya pili ni "Mungu amemlipa." Hii husemwa mtu akipatwa na baya: duka limeungua, uvimbe umeonekana hospitali ya Bugando, mtoto amezama ziwani.

Kauli hizi zinapingana. Moja inadai kwamba binadamu asiamue lolote juu ya mwenzake. Nyingine imeshaamua, tena imegongewa muhuri wa Mungu. Hata hivyo mara nyingi huzitamka mtu yuleyule, wala haoni mgongano. Kadiri ninavyosikiliza mazungumzo yetu makanisani, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tumeligeuza fundisho la Biblia kichwa chini miguu juu. Pale tulipoagizwa kuamua, tunanyamaza. Pale tulipokatazwa, tunatamka kwa ujasiri mkubwa. Wanaoumia kwa kugeuza huku ni wale wasio na mtetezi, na ndiyo maana jambo hili linanikaa moyoni.

Tuweke kwanza maana za maneno, kwa sababu hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Tukisikia "haki ya Mungu" wengi wetu tunafikiria adhabu, na mara moja tunaona moto. Katika Biblia haki ya Mungu ni pana kuliko hapo. Ni Mungu kuyaweka mambo yakae sawa: mkosaji awajibike, aliyeonewa arudishiwe chake, mnyonge asikilizwe. Isaya 1:17 inataja hukumu na haki, kisha papo hapo inataja yatima na mjane. Na Mungu mwenyewe anaonyesha namna ya kuifikia haki hiyo. Kabla ya kuiadhibu Sodoma, katika Mwanzo 18:21, anasema atashuka aone kama wametenda kweli sawasawa na kilio kilichomfikia, na kama sivyo, ajue. Ajuaye yote ndiye anayesema hivyo. Kilio kimemfikia, lakini hakichukui kilio kuwa ushahidi. Mistari michache mbele, Abrahamu anathubutu kumhoji: je, Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki? Na Mungu hamkemei kwa kuuliza.

Neno "kuhukumu" nalo limebeba kazi tatu tofauti. Kazi ya kwanza ni kupambanua tendo: huu ni wizi, huu ni uongo, hiki ni kipigo. Hiyo kila Mkristo anaifanya kila siku, na asipoifanya hawezi hata kumlea mtoto. Ya pili ni kuamua shauri: kusikiliza pande mbili, kupima ushahidi, kutoa uamuzi. Hiyo ni ya aliyepewa nafasi, kama hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, baraza la wazee wa kanisa, au mzazi nyumbani kwake. Ya tatu ni kumfungia mtu hesabu: kutamka moyo wake ukoje, kwa nini amepatwa na hili au lile, na mwisho wake mbele za Mungu utakuwaje. Hii ya tatu Mungu hakumkabidhi binadamu yeyote, awe askofu, nabii au mama mkwe.

Sasa tufungue Mathayo 7, maana ndiyo sura inayonukuliwa zaidi na kusomwa kidogo zaidi. Wengi huishia mstari wa kwanza: "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi." Mstari wa pili ndio unaofafanua wa kwanza: "Kwa kuwa hukumu ile mhukumuyo, ndiyo mtakayohukumiwa, na kipimo kile mpimiacho, ndicho mtakachopimiwa."

Kipimo. Mtu wa kanda ya ziwa hahitaji kwenda chuo cha theolojia kuelewa hapa, aende tu soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Dagaa wanapimwa pale kutwa nzima, kwa mizani, kwa gunia, kwa ndoo, kwa kopo la sado. Kila aliyewahi kununua anajua tofauti ya sado nzima na sado iliyobonyezwa kitako, na anajua gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, linavyomnyonya aliyelima au aliyevua. Mchuuzi asiye mwaminifu ana vipimo viwili: cha kununulia, kilichojaa hadi kumwagika, na cha kuuzia, kilichobonyea. Torati ilishamtaja mtu huyu. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo, na Mithali 11:1 inasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu anayesimama Mwaloni na kusema kwamba kwa kuwa kuna mizani ya hadaa, basi kupima kukome kabisa. Soko lisilo na kipimo ni wizi mtupu, na wa kwanza kuibiwa ni mnyonge. Kinachotakiwa ni mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, ile ile kwa anayenunua na kwa anayeuza.

Ndivyo Yesu anavyosema. Haondoi kupima, anakataza mawe mawili. Na sisi mawe mawili tunayo. Kijana wangu akilewa, "ameteleza", wa jirani akilewa, "ni mhuni." Binti wa mzee wa kanisa akipata mimba, familia inaombewa faragha, binti wa mjane akipata mimba, jina linasomwa madhabahuni.

Kisha inakuja boriti na kibanzi. Hapa tena tunakata maneno katikati. Yesu anamwambia mnafiki aitoe kwanza boriti jichoni mwake, "ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi katika jicho la ndugu yako." Kibanzi kinatakiwa kitoke. Hakusema kiachwe. Ameweka utaratibu: anza na wewe, ili ukifika kwa ndugu yako uone vizuri usije ukamtoboa jicho. Na katika sura hiyo hiyo, mstari wa 15, anasema tujihadhari na manabii wa uongo, nasi tutawatambua kwa matunda yao. Utamtambuaje mtu kwa matunda kama umekatazwa kuyaangalia matunda?

Mnara wa Siloamu na meli zetu

Kuna hukumu ambayo Yesu aliikataa waziwazi, nayo ndiyo sisi tunaitoa kwa wepesi wa kutisha. Katika Luka 13 anawauliza wasikilizaji wake habari za watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa: mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Anajibu mwenyewe: "Sivyo." Halafu anawageuzia wao: msipotubu, nanyi mtaangamia. Hakuwaruhusu kuwatumia maiti kama somo juu ya dhambi za maiti hao.

Watu wa ziwa hili tuna Siloamu zetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba, ilizama ikikaribia Mwanza. Mamia walikufa, na wengi wamelala kwenye makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikitoka Bugolora, Ukerewe, kilipinduka hatua chache kabla ya gati la Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Zaidi ya watu 220 walikufa, wakiwemo akina mama na watoto waliotoka kununua mahitaji ya nyumbani.

Baada ya misiba ya namna hii hutokea sauti mbili. Ya kwanza inasema waliozama walikuwa na dhambi fulani, au eneo lile lina laana. Hiyo Yesu ameshaijibu, sina la kuongeza. Fundi mmoja wa MV Nyerere aliokolewa akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka, siku mbili baada ya ajali. Tumshukuru Mungu kwa uhai wake. Lakini hakuna aliyepewa mamlaka ya kusema kwamba yeye alikuwa mtakatifu na mtoto wa miaka mitatu aliyezama pembeni yake hakuwa.

Sauti ya pili ni ya upole zaidi, na kwa maoni yangu inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi: "Kazi ya Mungu haina makosa." Tunaisema kila msibani. Kama faraja kwa mfiwa sina ugomvi nayo. Ila inapotumika kulifunga faili, imekuwa kitu kingine. Kivuko kile kilijengwa kubeba abiria 101, na siku ile kilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Nani aliruhusu? Nani alikata tiketi na nani hakuhesabu? Haya ni maswali juu ya matendo ya watu, na matendo ya watu tumeagizwa kuyapima. Ukimbebesha Mungu uzembe wa binadamu, umemhukumu Mungu isivyo haki na umemwachia huru aliyepaswa kujibu.

Ona basi kugeuka kwenyewe. Dhambi za waliokufa, ambazo hatuzijui, tunazitaja. Uzembe wa walio hai, ambao unaonekana, tunausitiri kwa jina la Bwana.

Wenyeji wa kisiwa cha Melita walifanya hivyo hivyo kwa Paulo. Ametoka kuvunjikiwa merikebu, ameokoka baharini, anaokota kuni, nyoka anamuuma mkono. Papo hapo wanasema huyu hakosi kuwa muuaji. Bahari imemkosa, haki imemfuata nchi kavu. Wanangoja avimbe. Asipovimba, wanabadili uamuzi, wanasema ni mungu. Matendo 28 inasimulia yote hayo bila kuongeza neno. Hukumu mbili, zote mbovu, kwa sababu zote zilitolewa kwa kuangalia kilichompata mtu badala ya kuangalia alichotenda.

Macho mekundu

Hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo.

Ingia kwenye jiko la bibi wa kijiji chochote cha Usukumani. Mafiga matatu, paa la nyasi lililoiva kwa masizi, dirisha dogo kama halipo. Miti imeisha, kwa hiyo anapikia mabua ya pamba yaliyobaki shambani, na yakiisha anapikia mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake ni mzito, unakaa usawa wa uso wa mtu aliyeinama kuchochea. Fanya hivyo asubuhi na jioni tangu ujana hadi uzee, macho lazima yawe mekundu. Hiyo ndiyo siri yote ya macho ya bibi yako: alikuwa anakupikia ugali.

Na kwa macho hayo, kwa miaka mingi, vikongwe wa Mwanza, Shinyanga na mikoa ya jirani wamekatwa mapanga usiku wakiitwa wachawi. Mtoto amekufa, ng'ombe wamekufa, mtu anakwenda kwa mpiga ramli, mpiga ramli anaeleza sura ya mtesi, na sura hiyo inafanana na bibi kizee yeyote anayeishi peke yake. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu anataka kulirithi mapema. Ramli hizo hizo ndizo zilizochochea mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ambayo kuanzia mwaka 2007 yaliitia aibu kanda nzima ya ziwa.

Yesu alisema katika Yohana 7:24, "Basi msihukumu hukumu ya macho tu, bali ifanyeni hukumu iliyo ya haki." Hapa anaamuru watu wahukumu, na anataja sharti: isiwe ya kuangalia sura.

Nimesikia Mkristo akijitetea kwa Kutoka 22, pale panaposema mchawi asiachwe kuishi. Anayeinukuu sheria hiyo hainukuu sheria inayoibeba. Kumbukumbu la Torati 19 inasema shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani kwa kosa lolote. Lazima wawe wawili au watatu. Inasema waamuzi wachunguze kwa bidii. Na ikibainika kwamba shahidi amesema uongo, atendewe yeye lile alilotaka mwenzake atendewe. Mpiga ramli akisimamishwa mbele ya sheria hiyo hana shahidi hata mmoja, na yeye mwenyewe ndiye wa kuogopa. Katiba yetu, ibara ya 13(6), nayo inasimama hapo hapo: mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ni marufuku kumtendea aliyeshtakiwa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia.

Linaloniuma zaidi ni kwamba ramli imeingia makanisani na kuvaa suti. Dada anakwenda kuombewa kwa kukosa mtoto, mhubiri anafumba macho kidogo, anasema, "Namuona mwanamke mfupi, mweusi, wa upande wa baba yako, ndiye aliyefunga." Dada anarudi nyumbani na shangazi ameshahukumiwa. Hakuitwa, hakuulizwa, hakujua hata kama ana kesi. Huyo shangazi naye huenda ni mshirika mwaminifu kanisa la mtaa wa pili. Kuita jambo hilo "neno la maarifa" hakulibadilishi, ni hukumu ya macho, tena macho yaliyofumbwa.

Pale tunaponyamaza

Tugeukie upande wa pili, wa mambo tuliyoagizwa kuyaamua nasi tunayakimbia.

Mwanamke wa Yohana 8 analetwa kwa Yesu, "amefumaniwa katika uzinzi." Swali la kwanza la mtu yeyote mwenye haki lingekuwa: mwanamume yuko wapi? Walawi 20:10 inawataja wote wawili. Amefumaniwaje peke yake? Wale waandishi na Mafarisayo waliomleta walikuwa na mawe mawili ya kupimia, na Yesu alipowaambia asiye na dhambi awe wa kwanza kutupa, waliondoka mmoja mmoja, wakianzia wazee. Hadi leo binti wa kwaya akionekana na ujauzito anavuliwa joho Jumapili inayofuata, na kijana aliyempa ujauzito anaendelea kupiga kinanda. Watu wote wanamjua. Ukiuliza, unaambiwa usihukumu.

Na angalia Yesu alivyomalizia: "Wala mimi sikuhukumu. Enenda zako, wala usitende dhambi tena." Dhambi ameiita dhambi. Mtu amemwacha hai na amempa njia ya kwenda. Yote mawili yamo katika pumzi moja, na anayetaka kuchukua moja akaacha jingine hajamfuata Yesu bado.

Baya kuliko hilo ni mtoto kuumizwa. Mtoto amenajisiwa na mjomba, au na mwalimu wa Jumapili, au na jirani mwenye duka. Kikao cha ukoo kinakaa, mzee mmoja ananukuu "msihukumu," mwingine ananukuu "samehe saba mara sabini," wanapokea mbuzi na fedha kidogo, yanaisha. Hayajaisha kwa mtoto. Niseme wazi: kusamehe hakufuti kesi. Kusamehe ni kuachilia moyoni deni la kulipiza, na mwenye deni ni mtoto, si baba mkubwa wala mchungaji. Warumi 13 inasema mtawala ni mtumishi wa Mungu dhidi ya mtenda maovu. Kwa hiyo mama anayembeba mwanawe hadi Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi hajavunja amri ya upendo. Anatekeleza Isaya 1:17 neno kwa neno, na kanisa lilipaswa kumsindikiza.

Halafu kuna ngao ya watumishi: "Usimguse mpakwa mafuta wa Bwana." Zaburi 105 inasema hivyo kweli, na habari yake ni ya Mungu kuwalinda mababa wa Israeli wasidhuriwe na wafalme wa mataifa. Haihusu kumlinda kiongozi asiulizwe mahesabu. Nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi, mpakwa mafuta halisi, akamwambia usoni kwamba ndiye mtu yule mwenye kosa. Paulo alimpinga Petro ana kwa ana huko Antiokia. Lakini Biblia inamlinda mtumishi pia dhidi ya umbea: 1 Timotheo 5:19 inakataza kupokea mashitaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu, kisha mstari unaofuata unaagiza wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Kwa hiyo asichafuliwe kwa sauti ya kurekodi isiyo na kichwa wala miguu, na ushahidi ukiwepo asifichwe.

Njia yenyewe ikoje? Mathayo 18 imeieleza: mwendee ndugu yako mkiwa wawili peke yenu, akikataa chukua mmoja au wawili, akikataa liambie kanisa. Siku hizi tunaanzia mwisho. Grupu linajua kabla ya mhusika. Katika mambo ya jinai usianze kwa kumwendea mtu faragha, nenda kwa vyombo vya sheria. Ila kwa makosa ya ndugu na ndugu, hatua ile ya kwanza ikifuatwa, robo tatu ya ugomvi wetu usingefika madhabahuni.

Na katika kikao chenyewe kuna swali moja ambalo lisiachwe. Nikodemo aliliuliza katika baraza lililokwisha kumkatia shauri Yesu: "Je! Torati yetu humhukumu mtu kabla ya kumsikia kwanza, na kujua atendavyo?" Wakamgeukia yeye: na wewe umetoka Galilaya? Anayeuliza swali hilo leo katika baraza la wazee ataulizwa vivyo hivyo, ametumwa na nani, ana undugu gani na mtuhumiwa. Aulize tu.

Mungu anapochelewa

Sababu kubwa ya watu kujichukulia hukumu ni kwamba haki inachelewa. Hili ni kweli na lisipuuzwe. Mtu ameibiwa injini ya mtumbwi, mwizi kapelekwa polisi, wiki ijayo wanakutana sokoni. Siku nyingine mtu akipigiwa kelele za mwizi, wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali wanamaliza kazi kwa mawe na petroli, na katikati yao wamo watu waliotoka ibadani.

Warumi 12:19 inawaambia hao hao walioonewa kweli: "Kisasi ni juu yangu mimi; mimi nitalipa, anena Bwana." Paulo hasemi hasira yao ni ya bure. Anasema wampishe Mungu, kwa kuwa wao hawawezi kuitoa adhabu hiyo bila kukosea. Kundi haliwezi kushuka na kuona kama kilio ni cha kweli. Kundi halimsikilizi mtu. Likigundua baadaye kwamba liliyemchoma alikuwa mgeni aliyepotea njia, halina cha kurudisha.

Je, Mungu mwenyewe kwa nini anakawia? 2 Petro 3:9 inajibu kwamba anavumilia kwa kuwa hapendi mtu yeyote apotee, bali wote wafikie toba. Jibu hilo halimtoshi kila aliyeumizwa, na Biblia inajua hivyo: katika Ufunuo 6 roho za waliouawa zinalia chini ya madhabahu, "Hata lini?", nazo hazikemewi. Kwa hiyo mjane aliyedhulumiwa shamba analia "hata lini" na wakati huo huo anafuatilia shauri lake baraza la ardhi. Hakuna mgongano hapo. Mgongano ungekuwa kumwambia anyamaze amwachie Mungu, huku aliyemdhulumu anavuna.

Limebaki suala la maziko, ambalo limegombanisha familia nyingi huku kwetu. Yako makanisa ambayo mtu akifa akiwa hajaonekana ibadani muda mrefu, au jina lake halipo kwenye daftari la michango, mchungaji haendi kuzika. Wanaotetea utaratibu huo husema ni somo kwa walio hai. Mimi naona hapo ndipo kazi ya tatu, ile ya kumfungia mtu hesabu, inapofanywa na daftari. 1 Wakorintho 4:5 inasema tusihukumu neno kabla ya wakati wake, hata ajapo Bwana, atakayeyamulika yaliyositirika na kuyadhihirisha mashauri ya mioyo. Saa ya mwisho ya mtu kitandani hospitali ya Sekou Toure au Bugando hakuna mzee wa kanisa aliyeisikia. Na kama ni somo, lilikuwa na wakati wake. Mtu aliyekosa ibada mwaka mzima alistahili kugongewa mlango akiwa hai, aulizwe kulikoni, aambiwe kosa lake kama lipo, asikilizwe kama ameonewa. Baraza ambalo halikutuma mtu kugonga mlango huo halina cha kusoma juu yake siku ya maziko.